Picha hafifu kwenye monita ya chogo: maswali na majibu

Nimepandisha mwangaza hadi 100 na picha bado ni hafifu. Nianzie wapi?

Anzia nje. Futa kioo, rudisha mipangilio ya kiwandani, iache iwake nusu saa. Kisha fungua menyu ya monita yenyewe: ikiwa maandishi yake yanang'aa na picha ya kompyuta imefifia, shida iko kwenye kebo au kompyuta. Ishara ya VGA ni volti 0.7 kwenye mzigo wa omu 75. Ukiigawa kwa monita mbili kwa kebo ya Y isiyo na kikuza ishara, kila moja inabaki na volti 0.47 hivi.

Menyu nayo ikififia, tatizo liko ndani.

Nasikia kuna kirekebishi cha mwanga ndani. Kipo wapi?

Kwenye flaibaki (transfoma inayotengeneza volti kubwa ya tyubu ya picha), kwa kawaida chini ya kile cha FOCUS, kimeandikwa SCREEN. Wengi hukimbilia hapo kwanza, na ndiyo sababu tunapokea monita nyingi zilizokorogwa kuliko zilizoharibika. Weka alama ya peni mahali kilipo. Onyesha picha nyeusi tupu, mwangaza katikati, kontrasti chini, chumba kiwe na giza. Zungusha kidogo sana, kwa bisibisi ya plastiki, hadi kijivu kianze kuonekana, kisha rudi hadi kitoweke. Ukiona mistari myembamba ya mshazari, umepitiliza.

Tahadhari: marekebisho haya hufanywa umeme ukiwa umewaka. Kwenye kofia ya mpira ya tyubu kuna takriban volti 25,000, na kapasita (kihifadhi chaji) kubwa ya sehemu ya pawa hubeba volti 320 hivi kwa umeme wa 230. Tumia mkono mmoja, usiwe peke yako. Kama hujazoea, mpe fundi wa TV.

Nikizungusha SCREEN hakuna kinachobadilika.

Pima volti kwenye pini ya G2 (ile inayorekebishwa na SCREEN), kwenye bodi ndogo iliyo shingoni mwa tyubu. Tarajia mamia kadhaa; mita ya kawaida huivuta chini kidogo, usishtuke. Ikiwa iko chini mno, shuku kapasita ndogo ya volti 1,000 au zaidi inayotoka G2 kwenda ardhini: ikivuja, hunyonya volti yote. Chomoa plagi, toa chaji ya tyubu kwa bisibisi yenye mpini wa kuhami iliyofungwa waya hadi kwenye waya uliosukwa mgongoni mwa tyubu, rudia baada ya dakika chache (chaji hurudi), ndipo uing'oe kapasita hiyo, uwashe na kupima G2 tena. Mpya isiwe na volti pungufu ya ile ya zamani.

Ikiwashwa picha ni nyekundu na hafifu, baadaye inatulia.

Kathodi (sehemu za tyubu zinazotoa elektroni) za kijani na bluu zimechoka. Ila kabla ya kuilaani tyubu, pima hita (waya unaopasha kathodi): kwa kawaida volti 6.3. Ikipungua, angalia risasi ya kuchomelea iliyopasuka kwenye soketi ya shingo na kapasita iliyokauka kwenye pawa. Monita nyingi hulisha hita kwa DC, mita ya kawaida inatosha. Kwenye TV hita hulishwa na flaibaki, na mita hiyo hudanganya.

Fundi anataka kuongeza volti ya hita. Nikubali?

Kama tyubu ilikuwa inaenda jalalani, kubali. Mwanga utarudi kwa muda, lakini hita itaungua mapema zaidi.