Geji za lori la jeshi: kabla hujanunua taa za LED

Ukiendesha M35A2 usiku kwa mara ya kwanza utadhani taa za dashibodi zimekufa. Hazijafa. Lori hili la tani mbili na nusu, ambalo ukoo wake ulianzia kwa kampuni ya REO kule Lansing, Michigan, mwaka 1950, liliundwa liweze kutembea gizani adui asilione. Taa za geji ni vijitundu vyenye kofia vinavyomulika geji kwa nje, tena kwa kubania. Askari kijana aliyekwisha kuzoea giza aliona vya kutosha. Mimi mvaa miwani, ninayerudi kwangu kwa barabara kuu huku matrela yananimulika usoni, sioni kitu.

Wengi wetu hapa Marekani tuliyapata malori haya kupitia minada ya mali za jeshi, na swali ninaloulizwa kila mara na wenzangu ni moja: ninunue LED gani? Nawajibu wasubiri kwanza. Kuna jambo la kuangalia kabla ya mwanga, nalo ni rangi iliyo ndani ya geji zenyewe.

Magari ya jeshi ya miaka ya 1940, na mengine ya baada ya hapo, yalikuwa na geji zilizopakwa rangi yenye radi (radium, si ile ya mvua, bali elementi yenye mionzi), ile iliyokuwa iking'aa yenyewe gizani. Leo haing'ai, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Kilichochoka ni kemikali ya zinki iliyokuwa ikitoa mwanga. Radi yenyewe hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600 hivi, kwa hiyo ile iliyopakwa wakati wa vita bado ipo karibu yote. Wasichana waliokuwa wakipaka rangi hiyo kwenye saa huko New Jersey, wakichonga ncha za brashi kwa midomo, walioza mataya na wengine wakafa. Geji iliyofungwa vizuri na kioo chake kizima haitakuua kwa kuitazama. Hatari ni kuifungua: vumbi lake likiingia mapafuni laweza kukaa humo kwa muda mrefu.

Usiseme lori lako ni la miaka ya karibuni ukatulia. Geji za magari haya zinaingiliana, na fundi wa kambini alifunga aliyoikuta stoo. Ukiona namba au mshale wenye rangi nene ya krimu iliyogeuka hudhurungi, kama imeungua, usitie bisibisi wala msasa. Pima kwa kipima mionzi, au ipigie simu ofisi ya udhibiti wa mionzi ya jimbo lako wakueleze pa kuipeleka. Nunua geji mpya. Za M35 bado zinapatikana bila shida.

Haya, tuje kwenye kazi.

Ondoa waya wa ethi (ule wa hasi, unaorudisha umeme kupitia bati la gari) kwenye betri. Betri mbili za volti 12 zimeungwa kwa mfuatano, na spana ikigusa panapostahili na pasipostahili kwa pamoja itayeyuka mkononi mwako. Kisha toa upepo wote kwenye matangi ya breki, maana nyuma ya geji ya upepo kuna bomba la upepo wenyewe, si waya. Fungua kebo ya spidomita na ya geji ya mizunguko ya injini kwa mkono, halafu paneli itakuja mbele. Kabla hujachomoa waya wowote, soma vibati vya namba vilivyofungwa kwenye waya. Jeshi la Marekani limetusaidia hapa: 27 ni umeme unaoingia kwenye geji, 28 mafuta, 33 joto la maji, 36 presha ya oili, na 40 ni taa za paneli. Vibati vikiwa vimekatika, andika vyako kwa utepe. Kesho hutakumbuka.

Sasa geuza paneli uangalie mgongo wake. Geji hizi hupata ethi kupitia mwili wake, kutoka kwenye kishikio kwenda kwenye bati la paneli, na kutoka hapo hadi kwenye kabini. Lori likishapakwa rangi ya kijani mara kadhaa na mikono tofauti, ethi inapita kwa kubahatisha. Ndiyo maana mshale wa mafuta unatetemeka, na taa moja inang'aa kuliko jirani yake. Chukua msasa mwembamba, safisha pale tu kishikio kinapokaa, mpaka bati ling'ae ukubwa wa shilingi, funga kwa washa yenye meno. Zaidi ya hapo, vuta waya mmoja wa ethi kutoka mgongoni mwa paneli hadi kwenye boliti ya kabini iliyosafishwa. Anayepeleka paneli yake ikapigwe rangi ya unga ya kuokwa, ambayo ni nzuri sana kwa macho, asipofanya hivi atarudisha gari lisilo na geji hata moja ya kuaminika.

Kwangu, ethi safi na vioo vilivyopanguswa vumbi lake vilinirudishia sehemu kubwa ya mwanga niliokuwa nautafuta dukani. Kagua pia vile vijitundu vya taa: ndani mwake hujaa masizi na vumbi hadi mwanga unatoka kama wa koroboi.

Ukibaki bado na kiu ya mwanga, ndipo LED. Chukua ile balbu ya zamani uende nayo dukani, ulinganishe kitako. LED unayonunua iwe imeandikwa volti 24 na istahimili 28, kwa kuwa injini ikichaji umeme hupanda hadi huko. Zilizoandikwa 12 zitawaka mara moja tu. (Wanaoendesha Scania na Fuso huko nyumbani wanalijua hili, nao wako kwenye 24.) Tafuta isiyochagua upande wa chanya na hasi.

Halafu kuna suala la kupunguza mwanga. Swichi ya taa ya lori hili ina nyenzo tatu, na mojawapo ndiyo ya paneli, yenye alama za DIM (mwanga hafifu) na PANEL BRT (mwanga mkali). DIM inafanya kazi kwa kupitisha umeme kwenye rezista. Balbu ya zamani inakula umeme wa kutosha, rezista inaumeza, taa inafifia. LED inakula kidogo mno, kwa hiyo rezista haimezi kitu, na DIM inakuwa sawa na BRT. Dawa yake ni kifaa kidogo cha kuwasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa, kilichoandikwa kuwa cha volti 24, ukate waya namba 40 na kukiweka hapo, pamoja na fyuzi ndogo mbele yake. Bila hicho utapata paneli inayokuumiza macho na barabara usiyoiona.

Rangi gani? Vijana wanapenda nyekundu kwa sababu ya sinema. Kweli nyekundu haivurugi macho yaliyozoea giza. Lakini angalia geji ya betri: imegawanywa kwa nyekundu, njano na kijani. Ukiimulika kwa taa nyekundu, eneo jekundu na la njano huonekana karibu sawa, na la kijani linakuwa jeusi. Umejinunulia geji isiyosema kitu wakati betri zinapokufa. Mimi nimeweka nyeupe yenye joto, iliyopunguzwa sana. Bluu sitaki hata kuisikia. Na kama utang'ang'ania nyekundu, nunua LED nyekundu yenyewe, maana nyeupe nyingi za LED hazina wekundu wa kutosha, na ukiziwekea kichujio chekundu unabaki na giza.

Mishale ndiyo inayonipa raha. Unaweza kuipaka rangi ya chungwa kali, au ile ya kisasa ya kung'aa gizani isiyo na mionzi, ila tu kwa geji uliyokwisha kuhakikisha ni salama kufungua. Paka tabaka moja, jembamba, katikati ya mshale. Ukirundika rangi kwenye ncha, mshale wa spidomita, unaoshikwa na spiringi nyembamba kama unywele, utaelemewa na kusoma uongo. Baada ya kuufunga, linganisha mwendo na simu yenye GPS.

Marekebisho ya mwisho yafanye barabarani, pasipo na taa za mtaa. Kioo cha mbele cha lori hili ni bapa na kimesimama wima, kwa hiyo paneli yenye mwanga kupita kiasi utaiona juu yake. Punguza mpaka ipotee kwenye kioo, uache hapo.