Baba katoka hospitali na nimonia, sasa mguu umevimba

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Babangu, miaka 67, alilazwa kwa nimonia kali hadi akawekewa oksijeni. Wodini alikuwa akidungwa sindano ya tumboni kila siku ili damu isigande. Aliporuhusiwa hakupewa tena. Sasa ni wiki ya pili yuko nyumbani hapa Kisauni, na shavu la mguu wa kushoto limevimba, linamuuma. Shangazi anamkanda kwa mafuta ya nazi. Tuendelee? Na je, sindano ilikatizwa mapema?

JIBU: Waaleikum salaam. Tafadhali mwambie shangazi aache kukanda, na baba apelekwe hospitali leo, asingoje siku ya kliniki. Mguu mmoja ukivimba baada ya nimonia kali, sisi huuchukulia kuwa una bonge la damu mpaka kipimo kikanushe. Likikandwa, kipande chaweza kung'oka na kupanda hadi mapafuni, na mapafu yake bado ni dhaifu.

Mwili unapopigana na maambukizi makali ya kifua, damu huganda kwa urahisi, na kuta za ndani za mishipa hudhurika. Tena misuli ya shavu la mguu ndiyo husukuma damu irudi juu. Mtu akilala siku nyingi, misuli hiyo haifanyi kazi. Hatari haikomi siku ya kuruhusiwa. Huwa kubwa wiki za mwanzo, kisha hupungua polepole kwa miezi.

Kuhusu sindano, wagonjwa wengi huachishwa wanapotoka, na si uzembe. Dawa hiyo huweza kusababisha kuvuja damu, kwa hiyo huendelezwa nyumbani kwa wachache tu, ambao hatari yao ya kuganda damu ni kubwa kuliko hatari ya kuvuja.

Mkiwa mnajiandaa, chukueni futi ya fundi cherehani mpime miguu yote miwili, sentimita 10 chini ya ule mfupa uliojitokeza chini ya goti. Tofauti ikizidi sentimita 3, shaka inaongezeka. Ikiwa ndogo, nendeni vilevile.

Hospitalini ulizieni ultrasaundi ya dopla ya mguu, yaani picha inayoonyesha damu ikipita mishipani. Kipimo cha damu cha D-dimer, kinachotafuta dalili za damu kuganda, hupanda hata kwa nimonia yenyewe, basi kikipanda hakithibitishi bonge. Kama pesa ni za kubana, zitoeni kwa dopla. Bonge likionekana, atapewa dawa ya kuzuia damu kuganda kwa muda usiopungua miezi 3. Hapo msimnunulie diklofenaki wala aspirini dukani bila kumuuliza daktari wake, maana zitamzidishia kuvuja damu. Ninawasihi sana kwa hili, kwa sababu maumivu ya mguu ndiyo huwapeleka watu duka la dawa kwanza.

Akiishiwa pumzi ghafla, kifua kikimchoma anapovuta hewa, akikohoa damu au akizirai, iwe ni saa nane za usiku, tafuteni gari mara moja. Kutoka Kisauni mnavuka daraja la Nyali tu kufika Hospitali Kuu ya Pwani. Bebeni ile karatasi ya kuruhusiwa, na wambieni wa mapokezi tangu mlangoni kwamba ametoka kulazwa kwa nimonia.