Mwulize daktari kwanza, tiketi baadaye

Usikate tiketi bado. Umeandika mzee ana saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa, siku nzima yuko kitandani, kula ni kwa kubembelezwa, na mmepangiwa mionzi mara kumi Dar. Unauliza mfikie wapi na ale nini. Kabla ya hayo, mwulize daktari ndugu zako wakisikia: kwa hali yake ya leo, tuhesabu miezi au wiki? Na kama shida ni maumivu, mionzi ya mara moja haitoshi?

Baba yetu alikuwa hivyo hivyo. Aliyetupangia alisema tu "mionzi itamsaidia", akavuta faili la mgonjwa mwingine. Itamsaidia nini, hakusema, na sisi tukasikia kupona. Ng'ombe wakauzwa. Mzee akatolewa Songea analia kila basi likiruka tuta. Asubuhi tunambeba kwenda kwenye mashine, jioni hata kuongea hawezi. Dozi haikuisha. Amefia chumba cha kupanga, mama yuko kijijini anasubiri simu. Yule mtu bado sijamsamehe, maana haya ninayokuambia hapa chini si mageni kwa watu wa mionzi.

Kwa maumivu ya mfupa ambao haujavunjika wala kubana uti wa mgongo, tafiti nyingi zimelinganisha Gy 8 (Gy ni kipimo cha mionzi) kwa mara moja na Gy 30 kwa mara kumi. Nafuu ni ile ile. Tofauti ni kwamba waliopigwa mara moja hurudi zaidi kupigwa tena huko mbele. Na nafuu yenyewe huweza kuchukua wiki kadhaa, huku siku za mwanzo maumivu yakipanda kwa baadhi yao. Aliyebakiza wiki mbili anapata mateso ya safari, nafuu haimkuti. Hata saratani ya mapafu iliyopanda kwenye ubongo, utafiti wa QUARTZ wa Uingereza na Australia (2016) ulikuta waliopigwa mionzi kichwa kizima waliishi wastani wa wiki 9.2, wasiopigwa 8.5, tofauti isiyo na uzito kitakwimu.

Ila miguu ikilegea ghafla au mkojo ukigoma, mkimbize siku hiyo hiyo. Huo ni uti wa mgongo unabanwa, hausubiri.

Leo hii waombe watu wa tiba shufaa (wanaotuliza mateso ya mgonjwa asiyepona) morfini ya maji. Hiyo hutuliza ndani ya saa moja, na anaipata akiwa kitandani kwake. Umesema kliniki ni Alhamisi: nenda na kaka yako mkubwa, msitoke mle ndani kabla daktari hajajibu yale maswali mawili.