Cheo cha mmoja, likizo ya wengi

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama ni sawa mtu kutanguliza kupanda cheo kuliko mambo mengine yote. Jibu langu ni hapana, ingawa si kwa sababu iliyozoeleka, kwamba mtu huyo anajidhulumu mwenyewe. Wanaodhulumika zaidi ni walio chini yake.

Nafanya kazi katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, ambako meli ikitia nanga Kilindini haijali kama ni Jumapili au mkesha wa Idi, na kontena likikawia kutolewa bandarini mteja hutozwa ada ya kuhifadhiwa. Kwa kuwa dharura haziishi, mwenye uchu wa cheo hakosi mahali pa kuonekana. Msimamizi wetu mmoja hakuwa akichukua likizo. Ramadhani alifuturu pale pale ofisini, simu sikioni, kaimati zikipoa juu ya hati za mizigo. Wakubwa walimsifu, na tangu hapo kila aliyeomba likizo akaonekana mvivu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, kwa mshahara kamili, na baba aliyepata mtoto inampa wiki mbili. Hata hivyo kijana mmoja wa kwetu, mkewe alipojifungua, alirudi mezani kabla kitovu cha mtoto hakijaanguka. Hakuna aliyemkataza kukaa nyumbani. Alichelea tu jina lake lisije likarukwa wakati wa kupandishwa watu vyeo.

Simsemi anayefanya zamu mbili ili alipe karo na kodi ya nyumba. Huyo anasukumwa na shida, na cheo chenyewe, aghalabu, hata hakifikirii. Lakini mwili hautofautishi. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huambatana na hatari ya kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko kufanya saa 35 hadi 40, na hatari hiyo humpata aliyejitakia sawa na aliyelazimika kumfuata.

Ningependa basi waajiri, wanapojadili nani apandishwe, waitishe kwanza kumbukumbu za likizo za idara anayoisimamia. Wakikuta siku za walio chini yake zimelala bila kutumika, jina lake lisubiri mwaka mwingine.