Ukuta unaolia: maswali yenu kuhusu nyumba za mawe

Masika yameondoka, maji yake yamebaki ukutani. Barua za mwezi huu karibu zote ni za unyevu, kwa hiyo waliouliza habari za milango na ngazi wanisamehe, zamu yao inakuja.

Tunakaa chini, nyumba ya Mkunazini. Rangi inabanduka kutoka sakafuni mpaka kiunoni na unatoka unga mweupe. Fundi ameshapiga saruji mara mbili, sasa anataka kupiga ya tatu na rangi isiyopitisha maji. Tumpe kazi?

Msimpe, dada yangu. Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na chini ya kuta hakuna nailoni wala lami ya kuzuia maji kama nyumba za matofali za siku hizi. Ukuta unanyonya maji ya ardhini kama utambi wa kandili. Zamani halikuwa neno: maji yalipanda kidogo, yakatokea kwenye lipu ya chokaa, upepo ukayachukua. Ukiyafungia kwa saruji mpaka kiunoni, yatatafuta pa kutokea mpaka yafike kifuani.

Nalisema hili kwa aibu. Chumba cha mama yangu nilikipiga saruji mwenyewe nikiwa kijana, nikajisifu mtaa mzima. Mwaka wa pili alama ya maji ilikuwa imeshaipita saruji yangu na kuingia kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, alimoweka misahafu. Hakunisema. Aliihamisha tu, akaiweka juu ya kabati, na kila nikiingia naiona.

Unga huo mweupe yumkini ni chumvi. Maji yakikauka, chumvi hubaki, huganda nyuma ya rangi na kuisukuma. Tia kidogo kwenye glasi ya maji: ukiyeyuka ni chumvi, ukituama chini ni chokaa iliyochoka. Mjomba aliyenifunza uashi alikuwa akiulamba. Kwa kuta zilizopakana na choo sikushauri.

Kazi yenyewe ianzie nje. Tazameni maji ya paa yanaangukia wapi, karo la maji machafu linavuja au halivuji, na kama njia imemwagwa zege mara kwa mara mpaka ikawa juu kuliko sakafu yenu. Hayo yakitengenezwa, ndipo mbandue saruji yote kwa patasi na nyundo ndogo, mpaka kama nusu mita juu ya alama ya maji. Polepole, maana saruji huondoka na jiwe lake. Chumvi ipigwe brashi kavu, isioshwe, kwani ukiiosha unairudisha ndani. Vifusi vitupwe mbali, visiachwe chini ya ukuta huohuo. Kisha muuache wazi. Ukuta wa nusu mita haukauki kwa wiki mbili. Hesabuni miezi, na pengine mwaka mzima upite. Mkimaliza kusubiri, pigeni lipu ya chokaa na juu yake chokaa ya kupaka. Lipu hiyo ya kwanza ihesabuni kafara: itainywa chumvi iliyobaki, ichakae, mje muibandue tena. Ichakae yenyewe, jiwe lisalimike.

Kiponda, ghorofa ya pili. Koga inaota nyuma ya kabati la nguo kila mwaka. Paa ni zima. Maji yanatoka wapi?

Pengine yanatoka kwenu. Kata kipande cha nailoni ukubwa wa sinia, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa: kupika, kuoga, nguo zinazoanikwa ndani, kiyoyozi kinachopoza ukuta. Yakiwa upande wa ukutani, ukuta wenyewe una maji. Na selotepu ikikataa kabisa kushika, jibu umeshalipata.

Ikiwa ni mvuke, vuta kabati kiasi cha kiganja, fungua madirisha asubuhi. Na ule ua wa ndani, kama mmeuezeka plastiki, mmeiziba pua nyumba nzima.

Mji wa Kale, Mombasa. Jirani wa juu ana kiyoyozi, kibomba chake kinatiririsha maji kwenye ukuta wangu.

Mnunulie bomba refu zaidi, hata kwa pesa yako, lifike mpaka mferejini. Ni rahisi kuliko lipu na ni rahisi kuliko ugomvi.

Mkomani, Lamu. Tunapiga lipu ya chokaa. Fundi anataka kuongeza saruji kidogo ishike haraka, na mchanga autoe ufuoni kwa kuwa ni bure.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema uuzibe kwa saruji. Mchanga wa ufuoni nao unaingiza chumvi ileile mnayoikimbia. Tafuteni mchanga wa bara, mkali, uliochekechwa. Kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, na chokaa iliyolowekwa shimoni muda mrefu ni bora kuliko ya mfuko. Kila mkono wa lipu usizidi kama sentimita moja, na wa pili usubiri wa kwanza ushike. Tundikeni magunia mabichi mbele yake siku za mwanzo, jua na upepo visiikaushe ghafla ikapasuka. Fundi mwenye haraka mpeni kazi nyingine.

Malindi ya Unguja. Maji yamevuja miaka juu ya dari ya boriti, sasa kuna ufa mpya na ukuta umetoa tumbo. Tuanze na lipu?

Muanze kwa kutoka, shekhe wangu. Watoto wasilale chumba hicho wala cha chini yake, leo. Boriti huoza pale zilipoingia ukutani, mahali macho hayafiki, huku katikati zinaonekana nzima. Anayejua kazi achome ncha hizo kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye ndizi mbivu, dari hiyo inashikiliwa na mazoea. Iegemezwe kwa nguzo kwanza, na Mamlaka ya Mji Mkongwe ipewe habari. Sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, iliporomoka 25 Desemba 2020 na watu walikufa. Lipu itasubiri.

Kuna watu wanatoboa matundu chini ya ukuta na kupiga sindano ya dawa ya kuzuia maji. Inafaa?

Kwa ukuta wa matofali yaliyopangwa safu kwa safu, huenda. Wa kwetu katikati yake ni vipande vya mawe, udongo na mapengo. Dawa itakimbilia inapotaka. Pesa hiyo nunua mifereji ya paa.