Sheikh, safari ya siku mbili na watoto, ratiba yetu ya ibada tuifanyeje?

SWALI: Asalam alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkubwa ana miaka 12 na mdogo miwili. Mwezi wa kumi na mbili in shaa Allah tunaenda Bukoba kwa wakwe zangu na gari yetu kutokea Dar, njiani tutalala usiku mmoja, na tukifika tunakaa wiki mbili. Nyumbani tuna utaratibu wetu, baada ya alfajiri kila mtoto anasoma ukurasa wa Qur'ani, nyiradi za asubuhi na jioni zipo, na kabla ya kulala tunasoma Suratul Mulk. Safari iliyopita kila kitu kilivurugika toka siku ya kwanza, swala tukawa tunaswali tukikumbuka, na hata tulipofika ukweni ratiba haikurudi. Baba yao anasema msafiri kasamehewa, nisijitese. Safari hii nataka nipange mapema, ila kuna dada kaniambia kujiwekea saa za dhikri ni bidaa. Naomba muongozo.

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh dada yangu. Nianze na maneno ya baba watoto maana nahisi ndo yaliyokusukuma kuandika. Kasema kweli, lakini nusu. Msafiri kapunguziwa, hajasamehewa swala. Hata vitani Allah hakuiondoa, soma Suratun Nisaa aya ya 101 na 102, ya kwanza inaruhusu kupunguza na inayofuata inaeleza watu wanavyoswali na silaha mkononi, sasa sisi tuko ndani ya Noah na biskuti na juisi tuseme tumesamehewa? Ila nusu yake nyingine ni kweli tupu na wewe ndo unatakiwa uisikie. Bukhari kapokea kwa Abu Musa kwamba Mtume, rehma na amani zimshukie, kasema mja akiumwa au akisafiri anaandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyafanya akiwa mkaazi na mwenye afya. Yaani ule ukurasa wa kila mtoto na zile nyiradi zenu mnazodumu nazo nyumbani, safari ikiwazuia mtaandikiwa kama mmefanya. Kwa hiyo usihamishe ratiba ya nyumbani kuipakia kwenye gari, haitaenea, na nadhani ndo kilichowavuruga safari ile, mmetaka kufanya yote, yalipowashinda mkaacha yote mpaka na swala zikaanza kuyumba.

Huyo dada wa bidaa mwambie mtu kupanga muda wake si kutunga dini. Bidaa inakuja ukisema dhikri hii saa hii kaiweka Mtume na yeye hakuiweka. Wewe unasema tu tukipita mahali fulani tutafanya hiki kwa sababu ndo nafasi tutakayopata, hilo halina tabu kabisa.

Sasa ratiba. Mimi nakushauri ratiba yote ya safari ijengwe juu ya swala, na swala zenyewe kwa msafiri ni vituo vitatu tu kwa siku. Zile rakaa 17 zinakuwa 11, adhuhuri mbili, alasiri mbili, isha mbili, magharibi inabaki tatu na alfajiri mbili hazipungui. Halafu adhuhuri na alasiri mnaweza kuzikusanya pamoja, na magharibi na isha vile vile, alfajiri haikusanywi na chochote. Masafa hamna wasiwasi, wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wameweka kama kilomita 80 na kitu na nyie mnaenda kama 1,400. Watu wanapenda kuuliza tunaanza kupunguza wapi, jibu ni mkishaacha majengo ya mji, na kwa Dar ilivyotanuka majengo yameshikana mpaka huko Kibaha, ila kwenu swali halipo maana mtaondoka mmeshaswali alfajiri nyumbani na adhuhuri ikiingia mko mbali sana.

Siku ya kwanza kwa mfano mnatoka baada ya alfajiri, Chalinze, Morogoro, Gairo, kwenye saa saba saba hivi mnakuwa Dodoma na watoto wana njaa. Hapo hapo mnapokula ndo mnaswali adhuhuri na alasiri, na swala itangulie kabla chakula hakijaja mezani maana kikishakuja hakuna anayesimama, na si vizuri pia kuswali na sahani inakuangalia, kuna hadithi inakataza. Mkiwa mnakusanya mwanzoni namna hii nieni kukusanya mkiwa bado kwenye adhuhuri, nia ya kupunguza iwepo kwenye takbira ya kuhirimia, ile Allahu Akbar ya kufungulia swala, adhuhuri itangulie, na mkitoa salamu msikae kupiga stori, unganisheni na alasiri. Huyo wa miaka 12 mfundishe haya kabla ya safari mkiwa nyumbani, usimfundishe sheli huku magari yanapiga honi. Na mkiingia msikitini mkakuta imamu ni mkaazi anaswali nne mkamfuata, na nyie kamilisheni nne, hamuwezi kutoa salamu kwenye ya pili mkamuacha. Swahaba Ibn Abbas aliulizwa hilo akasema ndiyo sunna.

Usiku mkilala Singida, magharibi iswalini kwa wakati wake mkifika gesti na isha kwa wakati wake rakaa mbili. Kwa Shafii kupunguza kwa safari ndefu kama yenu ni bora kuliko kukamilisha, lakini kukusanya ni ruhusa tu, kuacha ni bora, sasa mkishatulia chumbani hakuna sababu kubwa. Ila kama wadogo wameshaanza kusinzia na una hofu isha itawapita, kusanyeni mlale, wala usijione umepungukiwa.

Siku ya pili ndo ina mtego. Mchana hauna shida, adhuhuri na alasiri mtaziswali Kahama au hapo karibu. Tatizo ni jioni, mtakuwa mnakaribia Bukoba giza linaingia na kila mtu anasema twende tukaswali nyumbani. Msifanye hivyo. Nyie mmenuia kukaa wiki mbili, na kwa madhehebu yetu anayenuia kukaa siku nne kamili bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, usafiri wake unakatika pale pale anapoingia. Mkiingia Bukoba na isha yenu inakuwa rakaa nne, na ile magharibi mliyoichelewesha inahesabika kadha, yaani swala inayolipwa nje ya wakati wake, dhambi hamna kama mlinuia kuichelewesha kabla wakati wake haujatoka, lakini ya nini? Simameni Muleba, dakika kumi na tano, malizeni magharibi na isha ya rakaa mbili, mkifika kwa wakwe ni kusalimia, kula na kulala.

Na hapo ndo napata jibu la kwa nini ukweni ratiba haikurudi. Nimeona familia nyingi zinafika kijijini zinaendelea kupunguza na kukusanya wiki mbili nzima, "si tuko safarini," na watoto wanaiga. Hapana, ruhusa imeisha getini kwa bibi. Swala za rakaa nne ziwe nne, kila moja kwa wakati wake, na ukurasa wa asubuhi unarudi kesho yake alfajiri, usingoje wapumzike siku tatu maana siku ya nne hawatakubali. Bibi na babu wakiwepo mbona itakuwa rahisi zaidi, waambie watoto wakawasomee wao.

Jambo lingine dogo ila linaharibu swala za watu, saa. Mnaelekea magharibi, jua linawachelewa. Adhuhuri ya Bukoba inaingia kama nusu saa baada ya Dar, na alfajiri ya mwezi huo inachelewa zaidi ya hapo, kwa hiyo ukiamka ukweni ukaswali alfajiri kwa kalenda ya msikiti wenu wa Dar umeswali kabla ya wakati, na swala kabla ya wakati haisihi, utairudia. Ile programu ya adhana kwenye simu iwashie lokesheni kila mkifika mji mpya. Kibla nacho, Makka kwetu iko kaskazini, kwa hiyo kipande cha Dar kwenda Morogoro kibla kiko mkono wenu wa kulia, na mkiwa Bukoba kinaegemea kidogo mashariki ya kaskazini. Hakikisha na simu, lakini ni vizuri mtoto ajue kuangalia na jua.

Udhu. Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo ambacho hakifiki lita, yaani chupa moja ya maji inamtosha mtu akijua kumimina. Wekeni galoni la maji nyuma ya gari kwa kazi hiyo tu. Nasema hivi kwa sababu watu wana haraka ya tayamamu, katoni mbili za maji ziko kwenye buti wao wanapiga vumbi pembeni ya barabara, hiyo haikubaliki, tayamamu ni maji yakikosekana au mkiyahitaji kwa kunywa. Na swala ya faradhi msiiswali mmekaa kwenye siti wakati gari ni lenu na breki mnazo. Za sunna sawa, Mtume aliswali sunna juu ya mnyama wake popote alipoelekea, hivyo wewe abiria unaweza ukaswali dhuha yako, ile sunna ya asubuhi jua likishapanda, hapo ulipokaa, kwa ishara, dereva hapana.

Baada ya hapo yaliyobaki ni ya gari, na ndo nafasi ya nyiradi zenu. Dua ya safari someni kwa sauti gari linapoondoka, subhanalladhi sakh-khara lanaa haadhaa, watoto wakiitikia. Nyiradi za asubuhi ziwe palepale baada ya dua mpaka mfike Chalinze, wakati bado wana akili, wakishalala usiwaamshe. Za jioni zile za kinga tu, Ikhlasi, Falaq na Nasi mara tatu tatu. Suratul Mulk kama unaihifadhi isome gesti taa zimezimwa, wao wasikilize, anayelala katikati alale. Kuna jingine watoto watalipenda sana, Jabir kasema tulikuwa tukipanda tunasema Allahu Akbar na tukishuka tunasema Subhanallah, ipo kwa Bukhari. Siku ya pili asubuhi mkitoka Singida kwenda Igunga mtashuka mlima Sekenke, malori yanajikokota, mnaliona bonde lote la Wembere kule chini, waachie watoto walete tasbihi mpaka gari lifike tambarare, na mkirudi mnapanda waseme takbira. Kitu cha namna hiyo mtoto anakishika kuliko mawaidha yangu na yako.

Qur'ani ya redioni nina rai yangu, wengine hawatakubali. Allah kasema ikisomwa isikilizeni na mnyamaze, Aaraf 204, sasa kuifungulia masaa nane huku watoto wanagombania dirisha na nyie mnajadili bei ya mafuta, mimi siipendi. Weka nusu saa, wote mkae kimya, zima. Baadaye tena nusu saa.

Dereva muacheni. Najua nyumbani mna kisimamo cha usiku baadhi yenu, lakini baba watoto usiku wa safari kazi yake ni kulala. Aswali witri, ile sunna ya kufunga swala za usiku, kabla ya kulala kama Mtume alivyomuusia Abu Huraira, basi. Allah kasema msijitupe kwa mikono yenu kwenye maangamizo, na kusinzia kwenye usukani na roho sita ndani ya gari ni kujitupa. Akisema nimechoka tulale Manyoni hatufiki Singida, mlale Manyoni, na ratiba yako ivunjike bila mdomo. Wakitoka watatu safarini inatakiwa mmoja awe amiri, yaani kiongozi wa msafara, na amiri wenu ndo huyo. Wewe mkumbushe swala, vituo mpangie mapema usiku wa kuondoka mkiwa mmekaa vizuri, sio unaanza kudai msikiti gari likishapita mji. Na usingizi ukiwashinda mkapitwa na alfajiri gesti bila kukusudia, swalini mnapoamka, hata Mtume na maswahaba wakitoka Khaybar uliwachukua usingizi mpaka jua likawapiga, wakaswali. Ila alamu tegeni.

Kama mtaondoka siku ya Ijumaa angalieni, mwanaume ambaye Ijumaa inamlazimu kwa Shafii hafai kuanza safari baada ya alfajiri kuingia isipokuwa ana uhakika ataikuta njiani, kwa hiyo ama mpange ifike mko Morogoro au Dodoma na mjue msikiti gani, ama muondoke Alhamisi. Na ukiingia kwenye siku zako njiani, swala huna lakini dhikri, dua na hiyo tasbihi ya Sekenke vyote unavyo, usikae pembeni watoto wakadhani mama kapumzishwa ibada. Muombe sana humo njiani, dua ya msafiri ni katika zisizorudishwa, na mtuombee na sisi.

Wallahu aalam.