Napima kila mwezi, mbona hawasomi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha darasa la pili wilayani Sengerema, watoto 94 na mimi peke yangu. Kila mwisho wa mwezi nawapima kusoma, najaza A mpaka E, nampelekea mwalimu wa taaluma, anabandika ukutani. Mwezi unaofuata wenye E ni walewale. Nikiuliza, naambiwa niongeze mazoezi. Mazoezi gani tena?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Karatasi hiyo ya ukutani naijua, nimeijaza hadi nikastaafu. Tabu yake ni kwamba E haisemi mtoto amekwama wapi. Anayechanganya b na d ana E. Anayesoma "mama" na "kalamu" vizuri lakini akifika kwenye "mbwa" anaganda, naye ana E. Utawapaje hao zoezi moja?

Hata A hudanganya. Nilikuwa na mvulana aliyesoma ukurasa mzima wa kitabu cha darasa kama maji. Siku moja nikaandika ubaoni "nyumbe". Akasoma "nyumba". Nikaandika "kitafu", akasema "kitabu", tena kwa sauti kubwa. Kumbe ukurasa ule aliukariri kwa kuwasikia wenzake, na kwingine akiona mwanzo wa neno anabahatisha mwisho. A ile nilimpa mwenyewe, miezi mitatu mfululizo. Tangu hapo sikupima kusoma bila kutia maneno mawili matatu yasiyo na maana. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo anayezijua silabi atasoma hata "fudike".

Fomu ya mwezi endelea kuijaza, kazi ni kazi. Lakini nunua daftari moja la kwako. Wenzao wakiwa wananakili, ita watoto watano mezani, kila mmoja dakika mbili. Watoto 94 utawamaliza kwa siku 19 za shule. Usiandike alama. Andika jina, neno alilokwamia, na alivyolitamka: "ng'ombe, kasoma ngombe", "kwato, kasoma kato". Anza na silabi, kisha neno, kisha aya, kisha hadithi fupi, usimame pale anaposhindwa. Ngazi hizohizo walizitumia hata wapimaji wa Uwezo, mradi uliopita majumbani Tanzania, Kenya na Uganda kuwapima watoto kusoma.

Jioni lisome daftari lako. Ukikuta saba wameangusha w kwenye kwa, mwa na bwa, andalio la somo la kesho limeshajiandika. Wakae mbele nawe robo saa, wengine wasome wawili wawili. Kata maboksi, andika k, w, a, waunganishe kwa mikono yao, kisha uwape imla ya maneno matano tu. Baada ya wiki wapime tena kwa sauti zilezile ila maneno mengine, maana yale ya kwanza watakuwa wameyakariri. Aliyeweza arudi kwa wenzake siku hiyohiyo. Kundi si kabila. Nimeona shule mtoto amepewa dawati la "wazito" Januari akalikalia hadi Novemba.

Kitu kimoja zaidi, kwa kuwa uko Kanda ya Ziwa. Mtoto akiona "rula" akasema "lula", au akiona "dhahabu" akasema "zahabu", huyo amesoma. Hayo ni matamshi ya nyumbani, yana somo lake na siku yake. Ukimwandikia kosa la kusoma utakuwa unatibu goti kwa mwenye jino.

Mzunguko wa kwanza pitia wote 94, hata hao unaowaamini. Ukiisha, wenye A watazame mara moja kwa mwezi, wenye E waite kila wiki. Na mwalimu wa taaluma akija na habari ya mazoezi, mfungulie daftari umwonyeshe ni nani wanaoangusha w.